Mama Mkwe Aliyeota Mlangoni

Nchi ya Ukweni haimo kwenye ramani yoyote, na nilipoingia nikaelewa sababu. Mchora ramani hufuata njia, na kule njia zote zimekaliwa. Watu wanapita mtaroni. Nami nilipita mtaroni, suruali imeloa hadi magotini, huku pembeni yangu kukiwa na barabara pana ya mawe, imefunikwa na maua ya zambarau kutoka ukingo huu hadi ule. Nilipomuuliza mwenzangu wa mtaroni kwa nini hatupiti juu, aliweka kidole mdomoni, mdomoni mwangu na si mwake, akaninong'oneza:

"Mama Mkwe anapita."

"Anakwenda wapi?"

"Tutajuaje? Si adabu kumuuliza."

Mmea ule niliutambua pale pale. Ni mmea utambaao, shina lake gumu, majani yake yanang'aa, na maua yake makubwa humfanya kila anayeuona mara ya kwanza aombe kipando. Ukiuvunja unatoa utomvu mweupe unaowasha ngozi. Tunda lake likikauka hupasuka, na mbegu hupeperuka na nyuzi zake laini hadi shamba la mtu ambaye hakuomba chochote. Kwetu uliuzwa kwenye vitalu vya maua, watu wakaupanda kando ya nyua kwa kujionyesha, na mpaka leo kuna mabonde ambayo ng'ombe hawafiki majini kwa sababu yake. Jina lake ninalijua lakini sitaliandika. Watu wa Ukweni hawalitaji kwa heshima. Mimi silitaji kwa hasira.

Walinieleza asili yake bila kuona haya. Mtawala wao wa kwanza alioa mbali, na bibi arusi akaja na mmea huo kwenye chungu. Hakuwa na mama wala shangazi aliye hai, na watu wa Ukweni hawajui kuendesha ndoa isiyo na mkwe wa kuogopwa. Wakafanya kikao, wakaupa mmea kiti cha mkwe. Tangu siku hiyo kila ndoa hufungwa chini ya ndoa ile ya kwanza, kwa hiyo kila aliyeoa au kuolewa ana mama mkwe mmoja tu, na huyo anaota. Nikauliza habari za wasiooa. Nikaambiwa hao ni wachumba watarajiwa, na mchumba humwogopa mkwe kuliko hata aliyeoa.

Sasa mkwe, kama ajuavyo kila aliyelelewa vizuri, hatajwi jina, hatazamwi usoni, hapingwi, na mkikutana naye njiani wewe ndiye wa kupisha. Adabu hiyo ni nzuri kwa mkwe mwenye miguu, kwa sababu akishapita njia inabaki. Mkwe wa Ukweni akishika njia hatoki. Soko limehamishwa mara nyingi hata wachuuzi wameacha kujenga vibanda, wanauza huku wamebeba. Shule ipo, lakini Mama Mkwe yumo darasani, hivyo wanafunzi wanafundishwa uani wakiwa wameupa ubao mgongo. Nilitazama mechi ya mpira pia. Mpira ukimfikia Mama Mkwe hakuna wa kumnyang'anya, linahesabiwa goli lake. Nilipokuwa kule alikuwa anaongoza ligi, na mashabiki wake walikuwa na majivuno yasiyovumilika.

Nikafanya kosa la kusema kwa sauti kwamba mmea ule naujua. Nikapelekwa Idara ya Utambuzi wa Mimea.

Mtambuzi Mkuu, Bwana Makame, mtu mwembamba mwenye miwani minene, alinipokea kwa furaha ya kweli. Idara yake imetambua mimea yote ya Ukweni isipokuwa mmoja. Watambuzi hufanya kazi wakitembea kinyumenyume, wasije wakamkodolea macho Mama Mkwe, na hutambua kila kitu ambacho si yeye.

"Mwaka huu kazi imekuwa nyepesi sana," aliniambia. "Vilivyobaki vya kutambua ni vichache."

"Na mnamdhibiti vipi?"

"Nani?"

"Huyo msiyemtambua."

Akacheka kwa adabu na kuniuliza kwetu tunafanyaje. Nikamwambia: unachimbwa na mizizi yake kabla haujatoa mbegu, mwaka unaofuata unarudi kung'oa machipukizi, na mwaka wa baada yake tena, maana ukiacha kipande cha mzizi umejidanganya. Bwana Makame alifumba macho kana kwamba nimevua nguo mbele yake.

"Na huyo ni mama wa mtu," alisema taratibu. Kisha, baada ya kuhakikisha mlango umefungwa, "Yupo mtu angependa kusikia maneno hayo. Si mimi. Mimi sijasikia chochote. Anaitwa Bi Mashavu, anakaa mwisho wa mtaro."

Mwisho wa mtaro nilikuta kilima cha maua, na mwanamke mnene wa umri wa makamo amekaa mbele yake juu ya kinu kilichopinduliwa, ananoa jembe. Nikapiga hodi, ingawa sikuona mlango. Akanikaribisha, akainuka kunipa kinu. Juu ya kilima cha maua palitundikwa kibao cha serikali chenye maneno: NYUMBA ILIYOMPOKEA VIZURI.

"Hongera kwa zawadi," nilisema, maana sikujua la kusema.

"Kibao hicho ni cha mume wangu. Yumo ndani."

Mume wake, Kitwana, ni fundi wa vitanda vya kamba. Masika yaliyopita alikuwa ndani anafunga kitanda cha mteja, kifua wazi kwa sababu ya joto, na shati lake lilikuwa limeanikwa nje. Mama Mkwe akaingia barazani. Mtu yeyote kwingineko angeruka akatoka. Kitwana hakuweza kumpita mama mkwe akiwa kifua wazi. Akasubiri aletewe shati. Kamba ya kuanikia nayo ilikuwa imekwisha kaliwa, Bi Mashavu akaenda kuazima shati kwa jirani, jirani akataka kwanza alifue, kwa heshima, na lilipokauka mlango ulikuwa umeziba. Shati likapitishwa dirishani. Kitwana alilivaa, akafunga vifungo vyote, na tangu siku hiyo hajatoka.

"Mashavu!" sauti iliita kutoka ndani ya maua. "Unaongea na nani?"

"Mgeni, mwenzangu."

"Mkaribishe chai. Na mimi niletee."

Dirisha lilikuwa limebaki tundu. Zamani, alinieleza, sahani ya wali ilipita. Sasa hupita muhogo, ukiwa umechaguliwa mwembamba. Tulimpa chai kwa kikombe kidogo, na mkono uliokipokea ulikuwa na alama nyekundu za utomvu hadi kwenye kiwiko.

Nikaokota jembe. Nina hasira za karibu, na nilikuwa nimeona vya kutosha. Bi Mashavu akalishika mpini kwa mikono miwili.

"Umeoa, kaka yangu?"

"Nimeoa."

"Basi weka chini. Anayemvunjia Mama Mkwe hata jani moja, ndoa yake inavunjika papo hapo. Ndiyo adhabu, wala hatuna nyingine. Mkwe aliyetukanwa humchukua mtoto wake. Ukikata wewe, Mkuu wa Adabu atatuma mjumbe mpaka kwenu akampe mkeo talaka."

Niliweka jembe chini. Mimi nina hasira, lakini sikutaka kumwona mke wangu akimpokea mjumbe huyo.

Sasa nilielewa kwa nini lile jembe lilikuwa limenolewa hadi likapungua upana. Kumtoa Kitwana kungekuwa kazi ya asubuhi moja, lakini baada ya hapo asingekuwa mume wake. Ukweni hakuna aliyewahi kuachika. Neno lenyewe walilitamka kama watu wanavyotaja ugonjwa.

"Bora nikae humu humu nikiwa mumeo," alisema Kitwana kutoka ndani, "kuliko nitoke niwe jirani."

"Utakufa humo."

"Nitakufa nikiwa na mke."

"Na mimi je? Nitabaki na nini, kibao?" Bi Mashavu alisema hivyo kwa hasira, kisha akageuka pembeni akajifuta macho kwa kanga, na mimi nikajifanya natazama kinu.

Alikuwa amekwisha peleka shauri kwenye Baraza, na kikao kilikuwa siku hiyo hiyo. Tukaenda pamoja. Baraza la Ukweni hukaa mtaroni, wajumbe wameipa barabara migongo. Mwenyekiti ni Mkuu wa Adabu, Bwana Ngwali, mzee nadhifu mwenye kofia iliyodariziwa, mwenye sauti laini ambayo ilinifanya nitamani kumpiga. Suala lilikuwa moja: je, Kitwana atolewe?

Mjumbe wa kwanza alitaka ijulikane kwanza kama Kitwana yumo nyumbani au yumo kwa Mama Mkwe. Kama yumo nyumbani, hana tatizo. Kama yumo kwa Mama Mkwe, ni mgeni wake, na mgeni haondolewi na watu baki. Wa pili alisema mkwe akikukumbatia huombi kuachiwa. Wa tatu, aliyeonekana mwenye huruma, alipendekeza litobolewe dirisha la pili, akakumbushwa kwamba ukuta wote uko chini ya Mama Mkwe, naye akaomba radhi kwa kutaja kilicho chini ya Mama Mkwe. Bwana Makame aliitwa atoe ushahidi wa kitaalamu. Alisema Idara haiwezi kuthibitisha kwamba kuna kitu mlangoni, kwa kuwa kilichopo hakijatambuliwa.

Ikafika zamu yangu. Nikasimama, nikasema ule ni mmea.

Baraza likaahirishwa kwa mshtuko. Wajumbe wawili walipepewa. Bwana Ngwali aliniambia kwa ile sauti yake kwamba ugeni wangu ndio unaoniokoa, na kwamba hata kama ni kweli, ukweli wa namna hiyo hausemwi mbele ya watu.

Waliporudi walipitisha kwamba Mama Mkwe aombwe kwa upole asogee. Wazee sita wakaenda kinyumenyume hadi kwa Bi Mashavu, wakaimba, wakapiga magoti, wakasubiri jibu. Kijitawi kimoja kilikuwa kimening'inia juu ya tundu la dirisha. Upepo ukavuma, kikainama.

"Amekubali!" walisema wote kwa pamoja, wakaenda zao wakishangilia. Kijitawi kiliendelea kuinama hadi kikashika upande wa pili wa tundu.

Baada ya hapo muhogo haukupita tena. Bi Mashavu alikata bua la jani la mpapai, maana lina uwazi ndani, na Kitwana akawa anafyonza uji kwa bua hilo. Alikuwa bado anatania. Alisema sasa anaelewa raha ya kuwa mtoto mchanga. Lakini sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba, na kati ya maneno alikuwa akitafuta pumzi. Asubuhi moja Bi Mashavu alipeleka bua likagonga shina lililoziba tundu. Akaita. Jibu lilikuja kutoka mbali, na halikuwa neno.

Alisimama pale na bakuli mkononi. Kisha akaliweka chini vizuri, lisimwagike, akajifunga kanga kiunoni, na akachukua jembe.

Alikata bila kuchagua. Utomvu ulimrukia usoni na mikononi, akakata. Majirani walitoka, wakageuza migongo haraka, wakabaki wanasikiliza. Mtu alikimbia kumwita Bwana Ngwali, naye akaja kinyumenyume kwa mwendo wa kasi ambao sikudhani mzee anaweza, akajikwaa kwenye kinu, akasimama, akapaza sauti:

"Mashavu binti Haidari! Umemvunjia Mama Mkwe jani!"

"Nimemvunjia shina, Mheshimiwa. Hesabu vizuri."

"Basi kuanzia sasa wewe si mke wa Kitwana, na Kitwana si mume wako!"

Wanawake walipiga mayowe. Bi Mashavu alisita. Niliona mabega yake yakishuka, na kwa kitambo nilidhani atakaa chini. Kisha akainua jembe tena na kuendelea.

"Adabu!" alifoka Bwana Ngwali. "Huyo ni mkwe!"

"Mkwe wa nani?" aliuliza Bi Mashavu bila kugeuka. "Mimi sina mume."

Kimya kilichofuata ndicho kitu cha kwanza cha maana nilichokisikia Ukweni. Adhabu ilikuwa imetungwa na watu waliokuwa na hakika kwamba hakuna atakayethubutu, kwa hiyo hawakujiuliza aliyeachika anakuwa nani kwa Mama Mkwe. Hakuwa mke wala mchumba. Hakuwa mtu wake kwa namna yoyote. Alikuwa mwanamke mwenye jembe mbele ya majani.

Mlango ulionekana, akaupiga teke. Kitwana alitoka akitambaa, shati limefungwa hadi kooni, ngozi imebabuka, macho ameyafumba kwa mwanga. Jambo la kwanza alilosema ni, "Mke wangu."

"Si mkeo," alisema Bi Mashavu, akamkumbatia huku analia. "Kunywa uji."

Kesho yake watu walikuwa wamejipanga mtaroni mbele ya kwa Bwana Ngwali, waume na wake zao, majembe mabegani. Kila mmoja alikwenda kwa Mama Mkwe kinyumenyume, akasema, "Samahani, mama," akachuma jani moja, akapewa talaka, kisha akageuka akamtazama mmea usoni kwa mara ya kwanza maishani. Wengi walisema hawakutegemea kwamba ni mwembamba vile. Hata Bwana Makame aliachika, na siku hiyo hiyo alitambua mmea wake wa mwisho, akiruka ruka kwa furaha. Nchi nzima ikaachika. Barabara ikafunguka, soko likakaa chini, na timu moja ya kawaida ikaongoza ligi.

Nilidhani mambo yamekwisha. Ilinipasa kujua kwamba sivyo, kwa kuwa mimi ndiye niliyewaeleza habari za mizizi. Lakini watu waliofyeka huona ardhi nyeupe wakadhani wamemaliza kazi, na watu walioachika kwa wingi namna ile huona aibu. Bwana Ngwali akatangaza harusi ya wote kwa siku moja, na kabla ya harusi Baraza likarekebisha sheria ili fedheha ile isirudi. Kuanzia sasa, anayemvunjia Mama Mkwe jani haachiki. Adhabu yake ni kubaki kwenye ndoa milele, chini ya Mama Mkwe, pasipo talaka kwa sababu yoyote. Walipiga makofi, wakaoana tena chini ya ndoa ile ile ya kwanza, na wakala pilau barabarani. Mvua ilipokuja, machipukizi yakatoka kati ya mawe, mafupi kama kidole. Watu wakayasalimu shikamoo, wakashuka mtaroni.

Bi Mashavu hakwenda kwenye harusi ile. Kitwana hakwenda pia, maana hakuwa na wa kuoa. Alilala kwenye kibanda chake cha kazi, upande wa pili wa uzio, na asubuhi walichimba pamoja, kiwanja cha huyu na kiwanja cha yule. Walisemwa sana. Wale wale waliowasema walikuja kwa kificho kumwomba Bi Mashavu awapitie nyumbani kidogo, kuna kitu kidogo mlangoni, wao hawawezi kukitaja. Alikwenda kila alikoitwa.

Nilipokwenda kuaga niliwakuta wamesimama uzioni. Kitwana alikuwa amepata afya, na alikuwa amevaa kofia ya kuposea.

"Nimekuja kuposa, Bi Mashavu."

"Ngoja nitazame kwanza."

Alipiga magoti pale ulipokuwa mzizi mkubwa, akaufukua udongo kwa vidole, polepole, kiganja baada ya kiganja. Kitwana alishika uzio. Nami nilijikuta naombea, mimi ambaye nilikuja kucheka. Chini kidogo, kwenye udongo mbichi, palikuwa na chipukizi jeupe lenye majani mawili ambayo bado hayajafunguka.

"Bado," alisema Bi Mashavu. "Nikiolewa leo, nitalipigia goti hili chipukizi, Kitwana. Na halafu litarudi mlangoni kwako."

Kitwana alivua kofia, akaikunja na kuiweka mfukoni. Akaruka uzio, akachukua jembe la Bi Mashavu.

"Basi nitaposa tena mwaka kesho," alisema, akaanza kuchimba, naye akamfuata nyuma akiokota vipande vya mzizi, asibakize hata kimoja.